Harry Brearley, mwosha chupa aliyeishinda kutu

Kutu sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Kisu ukikisahau na maji ya ndimu usiku mmoja tu, asubuhi kina madoa. Aliyetupunguzia adha hiyo hakuwa mtu wa bahari.

Harry Brearley alizaliwa 1871 Sheffield, Uingereza, mtoto wa myeyusha chuma, katika nyumba ya kimaskini. Akiwa na miaka 12 aliajiriwa na kampuni ya Thomas Firth & Sons kuosha chupa za maabara. Kemia aliijulia humo humo, na kwa masomo ya usiku. Kufikia 1908 alikuwa akiongoza maabara ya utafiti.

Mwaka 1912 akaletewa shida ya mitutu ya bunduki iliyokuwa ikilika kwa ndani. Akajaribu kuongeza kromiamu. Agosti 1913 akapata chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13 na kaboni 0.24 tu. Alipokitia asidi ili akichunguze kwa hadubini, asidi haikukiuma. Siki na limau navyo vikashindwa. Akaanza kufikiria visu vya mezani.

Siri ni utando mwembamba ambao kromiamu hujitengenezea ikikutana na hewa. Ukikwaruzwa, hujirudishia wenyewe. Lakini wingi wa kromiamu usikudanganye. Chuma cha zana aina ya D2 kina asilimia 12 hivi, ila kaboni yake ni 1.5, na kaboni hiyo huiteka sehemu kubwa ya kromiamu. Makali yake hudumu sana, lakini hewa ya chumvi haikiachi. Hata cha Brearley si cha kukaa baharini. Kwa boti afadhali kile cha 316, chenye nikeli na molibdenamu. 304 hutokwa na madoa.

Mafundi wa visu walimcheka mwanzoni, kwa kuwa chuma chake kiliwashinda kufua. Ernest Stuart ndiye aliyekiweza, akakipa na jina. Na tuseme kweli: Wajerumani wa Krupp walikuwa na hataza yao tangu 1912, hivyo kumwita Brearley mgunduzi wa pekee ni kuwaonea wenzake. Yeye naye alionewa, naona mimi: aligombana na kampuni juu ya haki ya ugunduzi, akaondoka 1915. Mwaka uliofuata akapata hataza Marekani.

Alifariki 1948 huko Torquay, mji wa pwani.