Wurtz: Mkemia aliyeziokoa injini za boti zisipasuliwe na barafu

KILA mwaka majira ya baridi yanapokaribia Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wenye boti huzipandisha nchi kavu na kujaza ndani ya injini zake kimiminika kisichoganda upesi. Ni wachache wanaofahamu kuwa kimiminika hicho ni matunda ya kazi ya mkemia wa Ufaransa, Charles Adolphe Wurtz, aliyefariki dunia pasipo kujua kingekuja kutumika wapi.

Injini nyingi zinazofungwa ndani ya boti hupozwa kwa maji yanayovutwa kutoka ziwani au baharini. Boti inapotolewa majini, sehemu ya maji hayo hubaki kwenye mabomba na bloku. Yakiganda, hutanuka kwa takriban asilimia 9, nguvu ambayo chuma hakiwezi kuihimili. Aliyepuuza kazi ya saa chache huikuta injini yake imepasuka baridi inapokwisha.

Wurtz alizaliwa Novemba 26, 1817, katika eneo la Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri aliyetamani mwanawe afuate nyayo zake. Kijana huyo hakuvutiwa na theolojia, ndipo baba akaridhia asomee udaktari. Hata huko, moyo wake ulikuwa kwenye kemia.

Mwaka 1842 alikwenda Giessen, Ujerumani, kusoma kwa Justus von Liebig, mmoja wa wakemia mashuhuri wa zama hizo. Alihitimu udaktari mwaka 1843, kisha akahamia Paris, ambako alikuwa msaidizi wa mkemia Jean-Baptiste Dumas.

Maisha ya Paris hayakuwa mepesi. Kwa kukosa maabara, mwaka 1850 alifungua ya kwake binafsi, lakini miaka mitatu baadaye jengo liliuzwa na akalazimika kuondoka. Mwaka huo huo wa 1853 alipata nafasi ya uprofesa katika Kitivo cha Tiba.

Hapo ndipo alipofanya kazi iliyolibakisha jina lake. Wakemia walikwishajua kuwa alkoholi ya kawaida hushikana na asidi kwa sehemu moja, na gliserini kwa sehemu tatu. Wurtz aliamini kuwa lazima kuwe na kitu cha katikati, chenye sehemu mbili. Mwaka 1856 alikipata: kimiminika kizito, chenye utamu, kisicho na rangi. Alikiita glaikoli, jina linalounganisha gliserini na alkoholi.

Kimiminika hicho leo huitwa ethilini glaikoli. Kikichanganywa na maji nusu kwa nusu, mchanganyiko huo hauanzi kuganda hadi baridi ipite nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Mwaka 1859 Wurtz alitangaza ndugu yake, propilini glaikoli.

Hata hivyo, shabaha ya Wurtz haikuwa injini. Alikuwa akitafuta ushahidi wa namna chembe za vitu zinavyoungana. Alikuwa mtetezi mkubwa wa nadharia ya atomu nchini Ufaransa, wakati wakubwa wa taaluma hiyo, akiwamo Marcellin Berthelot, waliipinga.

Kuanzia 1866 hadi 1875 aliongoza Kitivo cha Tiba cha Paris. Aliunga mkono wanawake kupokelewa katika masomo ya udaktari, na mwaka 1870 Elizabeth Garrett wa Uingereza alipata shahada yake hapo. Aidha, aliisihi serikali kujenga maabara bora, akionya kuwa Ujerumani imekwishaiacha Ufaransa nyuma. Mwaka 1871, baada ya vita, Strasbourg yenyewe ilitwaliwa na Ujerumani.

Mwaka 1881 aliteuliwa kuwa seneta. Alifariki dunia Mei 1884, mjini Paris, na kuzikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Miaka miwili baadaye, Gottlieb Daimler aliijaribu boti yake ya injini ya petroli katika Mto Neckar, Ujerumani.

Ethilini glaikoli ilikaa miongo mingi bila soko kubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilitumika kutengenezea baruti, na mwaka 1927 ikaanza kuuzwa Marekani kwa jina la Prestone ili kulinda injini za magari. Hata mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi, wasioijua theluji, huitia kwenye rejeta, kwa kuwa pia huchelewesha maji kuchemka.

Lakini utamu wake huficha sumu inayoharibu figo, na wanyama wengi hufa kwa kuilamba. Ndiyo maana kwa boti hupendekezwa propilini glaikoli, isiyo na madhara makubwa. Fundi huondoa maji yaliyobaki, kisha huiacha injini ivute kimiminika hicho mpaka kitokee kwenye ekzosi. Boti ikirejeshwa majini, kinachomwagika hakiwi sumu kali kwa samaki.

Jina la Wurtz ni miongoni mwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi yaliyoandikwa kwenye Mnara wa Eiffel mjini Paris.