Papa Simoni Kimbangu na Miaka Mitatu ya Kukimbia



Tukikumbuka Papa Simoni Kimbangu tunazoea kuanzia tarehe 6 Aprili 1921, siku ya uponyaji wa kwanza. Tangu mwaka 2023 siku hiyo ni siku ya mapumziko kwa inchi yetu yote. Lakini leo tunapenda kusimama juu ya miaka mitatu iliyoitangulia. Watu hawaizungumzi sana, na sisi tunaona kwamba humo ndimo wengi wetu tunamokaa.

Alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, mwaka 1887 kwa hesabu ya kanisa. Mama yake alikufa mapema, akalelewa na mama Kinzembo, ndugu ya wazazi wake. Mwaka 1915 yeye na Mama Marie Muilu walibatizwa katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe-Lutete. Alifundisha watu kidogo, akalima shamba, akalea watoto: Kisolokele aliyezaliwa 1914, Dialungana 1916, na Diangienda katika Machi 1918. Mtu wa kawaida, mwenye nyumba na mke na mtoto anayenyonya.

Basi, mwisho wa mwaka ule wa 1918 mafua makali yaliyozunguka dunia yote yalifika Kongo. Watu walikufa nyumba kwa nyumba, na walioweza kuchimba kaburi walikuwa wachache. Ni wakati ule, kanisa linasimulia, sauti ilimwita usiku, ikimwambia achunge kundi la Kristo. Akajibu kwamba hakusoma vya kutosha, na kwamba wachungaji na mashemasi wapo ambao wanaweza kazi ile kuliko yeye.

Tuangalie jibu lile vizuri, maana hakusema uongo. Kwa kweli hakuwa na masomo makubwa. Kwa kweli wachungaji walikuwako. Wengi wanaomkatalia Mungu hawamdanganyi. Wanamhesabia mambo ya kweli. Hapa kwetu pia, mara ngapi dada ameombwa kuongoza maombi akasema hana Kifaransa, ao ndugu ameitwa kuwa shemasi akasema hana hata viatu vya kusimama mbele ya watu? Na hatuwezi kumwambia kwamba anavyo, maana tunaona miguu yake.

Sauti ilirudi, tena ikarudi. Yeye akafanya alivyofanya Yona: akaondoka. Akaenda Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, akatafuta kazi ya mikono kama vijana wengine wa mashamba. Alifikiri labda kwamba katika makelele ya mji mkubwa asingesikia tena. Maji ya Lualaba yanayopita hapa mbele yetu ndiyo yanayofika kule, na mtu angeweza kujificha mbali zaidi ya hapo. Haikusaidia. Sauti ilimfuata mpaka Léopoldville, naye akarudi Nkamba kwa shamba lake na biashara ndogo ya sokoni.

Alirudi mtu yuleyule. Hakuna aliyempa diploma njiani, na misioni haikumpandisha cheo. Tarehe 6 Aprili 1921 alikuwa anakwenda sokoni, si kuhubiri. Akipita katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, alisukumwa, kama masimulizi yanavyosema, kuingia nyumba ya mwanamke mgonjwa sana, jina lake Nkiantondo. Akaweka mikono juu yake, akaomba katika jina la Yesu, na mama yule akapona.

Yaliyofuata mnayajua. Watu wakajaa Nkamba, wakaacha hospitali na mashamba ya Wazungu, wakatupa sanamu zao. Leta ikaogopa. Mwezi wa 6 askari walikuja kumkamata, akawaponyoka, akaendelea kufundisha kwa siri. Tarehe 12 Septemba alijitoa mwenyewe palepale Nkamba. Mtu aliyekimbia sauti miaka mitatu hakukimbia tena askari! Korti ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, haikumpa mtu wa kumtetea, na tarehe 3 Oktoba ikamhukumu fimbo 120 na kifo. Wamisionari wa Kibatisti wakamwombea huruma, na Mfalme Albert akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Élisabethville, leo Lubumbashi, akakaa gerezani miaka 30, mpaka kufa tarehe 12 Oktoba 1951. Miezi mitano tu ya kazi, toka Aprili mpaka Septemba, na miaka 30 ya kufungwa! Ikiwa katika 1918 aliogopa, tusimwite mwoga. Aliogopa jambo lenye kuogopesha.

Mzigo haukumwangukia yeye peke yake. Wafuasi wake walifukuzwa kwao na kutawanywa mbali, na wengine walipelekwa mpaka Lowa, kwenye mto wetu huu, kati ya Kindu na Ubundu. Na Mama Muilu alibaki na watoto watatu, akiwatunza waaminifu kwa siri chini ya macho ya Leta. Hatusikii kwamba kuna aliyemwuliza yeye kama alijisikia tayari.

Diangienda, mtoto yule mchanga wa mwaka wa mafua, alikuwa na miaka mitatu baba yake alipofungwa. Ndiye aliyekuja kuongoza kanisa. Tarehe 24 Desemba 1959 Wabeleji walilikubali kwa sheria, na katika 1960 mwili wa Papa Simoni ulitolewa Élisabethville, ukarudishwa Nkamba. Mama Muilu hakuyaona hayo. Alikuwa amelala tarehe 27 Aprili 1959, miezi minane mbele ya karatasi ile kutiwa sahihi.