Shaaban Robert: Karani wa miaka 34 aliyekuwa mkubwa kuliko cheo chake

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza juu ya kazi: namna ya kuitafuta, namna ya kuitumikia, na namna ya kukaa na wenzetu kazini.

Jambo hili linazigusa nyumba zetu zote, za mjini na za shamba. Chukueni mfano wa Dindira, katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Huko wapo wazee waliozitegemeza nyumba zao kwa kuchuma chai, na wapo vijana wao wanaotia vyeti ndani ya bahasha wakateremka Korogwe, wakafika Tanga, na wengine wakapitiliza hadi Dar es Salaam kutafuta ajira. Mzazi aliyebaki mlimani huuliza kwanza kama mtoto amepata kazi. Baada ya miaka miwili mitatu huuliza kama amepandishwa cheo. Maswali hayo ni ya haki, lakini lipo la tatu ambalo huulizwa mara chache: mtoto wetu amekuwa mtu wa namna gani katika kazi yake?

Kwa ajili ya swali hilo la tatu tumeona tuwakumbushe maisha ya Muislamu mmoja wa mkoa huu huu wa Tanga, ambaye jina lake kila mwanafunzi analijua, lakini wachache hukumbuka kwamba riziki yake aliipata kwa ukarani. Naye ni marehemu Shaaban Robert.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Alipelekwa kusoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, na katika mtihani wa kumaliza shule alikuwa wa pili miongoni mwa wanafunzi 11 waliopata cheti. Kwa zama zile hicho kilikuwa kisomo kikubwa kwa Mwafrika, na juu yake palikuwa na ngazi chache mno zilizoachwa wazi.

Mwaka huo huo wa 1926, akiwa kijana wa miaka 17, aliandikwa kazi na serikali ya Kiingereza katika Idara ya Forodha. Yafaa wasomaji wetu vijana waelewe ajira ya siku zile ilivyokuwa. Serikali ilihitaji watu wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu ili wajaze madaftari yake, nayo iliwachukua kutoka shule chache zilizokuwapo. Mishahara ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini. Karani wa Kiafrika aliweza kuwa mwerevu na mwaminifu apendavyo, lakini dari lilikuwa limekwisha wekwa juu ya kichwa chake kabla hajaingia mlangoni. Ndiyo sababu watumishi Waafrika wa serikali walianza kuungana mapema. Chama chao kilianzishwa hapa hapa Tanga mwaka 1922 kwa juhudi za Martin Kayamba, naye pia karani.

Basi kijana Shaaban akaingia katika kazi hiyo. Alitumikia forodha kwa miaka 18, hadi 1944, akihamishwa kituo baada ya kituo, na Pangani ikiwa mojawapo. Kisha alikuwa katika Idara ya Wanyama tangu 1944 hadi 1946, akarudi Tanga katika ofisi ya serikali ya wilaya kuanzia 1946 hadi 1952, na mwisho akawa katika ofisi ya upimaji ardhi, Tanga, hadi 1960. Jumla yake ni miaka 34 ya utumishi. Mtu akiihesabu safari hii kwa vyeo tu, ataona kwamba ni fupi: aliingia karani akatoka karani. Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo.

Kazi ya forodha, popote duniani, ni kazi yenye majaribu. Karani huketi kati ya mali ya mfanyabiashara na haki ya serikali. Kalamu yake ikiteleza kidogo, ushuru hupungua na mfuko wake huongezeka. Jaribu hilo Shaaban Robert aliliona kwa karibu, na alilitia katika fikra zake. Katika kitabu chake Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, tunamkuta Mfalme Rai akimtuma Ikibali kwenda Janibu kufuatilia kodi iliyochelewa, na huko Janibu liwali ni Adili, mtu ambaye jina lake na tabia yake ni kitu kimoja. Tunaona si ajabu kwamba mtu aliyehesabu ushuru kwa miaka 18 aliijenga hadithi yake kubwa juu ya mtumishi wa dola na mali ya umma.

Tena katika hadithi hiyo hiyo ndugu wawili wa Adili, Hasidi na Mwivu, wanaingiwa na kijicho kwa neema aliyopata hata wakamtupa baharini. Wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa awapige kila usiku, kazi anayoifanya kwa uchungu. Mwisho wanarudishiwa ubinadamu wao, naye anawasamehe. Nani kati yetu hajaona manyani hao katika sehemu za kazi? Mwenzetu akisifiwa na mkuu wake, tunanong'ona. Akipelekwa masomoni, tunasema amebebwa. Husuda huanza kumla mwenye kuibeba kabla haijamfikia aliyekusudiwa, na dini yetu imetuonya nayo kwa maonyo makali. Mwandishi wetu aliongeza fundisho ambalo ni gumu zaidi, la kwamba aliyehusudiwa naye ana wajibu, ambao ni kutougeuza ushindi wake kuwa kisasi.

Sasa tuulize: mtu huyu alikua kwa njia gani, ilhali ngazi ya ofisini ilikuwa fupi? Jibu ni kwamba alijiwekea kazi ya pili ambayo hakuna mkubwa wa idara aliyeweza kumnyima. Mchana alikuwa karani. Saa zilizobaki alisoma na kuandika. Katika barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958, ambazo zilikusanywa na Mugyabuso Mulokozi na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 2002, tunaona mtu ambaye kwa miaka 27 hakuiacha kalamu. Mashairi yake ya Pambo la Lugha yalitoka 1947, Kusadikika 1951, Kielezo cha Insha 1954. Yote hayo yaliandikwa na mtu mwenye ajira ya kutwa, mwenye kuhamishwa, na mwenye nyumba ya kulisha.

Wala nyumba yake haikukosa mitihani. Alifiwa na mkewe Amina, akamlilia kwa shairi ambalo mpaka leo husomwa shuleni. Katika malezi ya wanawe aliandika tenzi mbili za wasia, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Tunayataja haya kwa sababu wako wanaosema kwamba kazi haiwaachi nafasi ya watoto wao. Karani huyu aliwaachia watoto wake wasia ulioandikwa kwa mkono wake, na sisi wengine tukaurithi pamoja nao.

Lakini tusije tukafahamiwa vibaya. Hatusemi kwamba mtumishi mwema ni yule anayenyamazia dhuluma na kuiita subira. Shaaban Robert hakunyamaza. Katika Kusadikika anatuonyesha Karama, aliyeshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Karama anajitetea kwa kuisimulia mahakama habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za nje, wakarudi na mashauri mema ya kuifaa nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo. Hebu viongozi wa ofisi, viwanda na mashamba yetu wakisome kitabu hicho kana kwamba kimeandikwa juu yao. Mfanyakazi anapokuja na shauri la kuboresha kazi, nasi tukamwona mjuaji na kumhamishia mbali, tumemfanyia yale waliyofanyiwa wajumbe wa Kusadikika. Shirika la namna hiyo hubaki na watu wa kusema ndiyo, na wenye akili hutafuta mlango wa kutokea.

Jambo jingine ambalo marehemu alilishikilia ni heshima ya kila kazi ya halali. Katika Utubora Mkulima, mtu mwenye elimu anaacha kazi ya mshahara akarudi shamba kulima, na mwandishi anamheshimu kwa uamuzi wake huo. Na alipochagua mtu wa kumwandikia wasifu, hakuchagua liwali wala tajiri. Alimchagua Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, ambaye alianza kwa biashara ya vyungu na alidharauliwa kwa asili yake, kisha kwa sauti na bidii yake akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Wasifu huo ulichapishwa mwaka 1958, Siti akiwa ameshafariki tangu 1950. Kwa hiyo kijana wa Dindira asione haya kusema mama yake alimsomesha kwa kuchuma chai. Kapu lile mgongoni ni ngazi aliyopandia.

Heshima hatimaye zilimfikia. Alipata Tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, Waingereza wakampa nishani ya MBE, na alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Mtu aliyewekwa chini katika daftari la mishahara aliitwa kuketi na wataalamu wa lugha, kwa sababu katika fani ile hapakuwa na wa kumpita. Aliwahi hata kuchapisha baadhi ya vitabu vyake mwenyewe huko Tanga, Almasi za Afrika cha mwaka 1960 kikiwa kimojawapo, ili kazi yake isingoje hisani ya wengine.

Aliacha utumishi wa serikali mwaka 1960. Mwaka uliofuata Tanganyika ikapata uhuru, na mwezi Juni 1962 Mwenyezi Mungu akamchukua, akiwa na umri wa miaka 53. Vitabu vyake kadhaa vilikuwa bado havijatoka. Kufikirika na Utubora Mkulima vilichapishwa baada ya yeye kufariki, na matunda yake hakuyaona. Hili nalo tuliseme wazi: mtu huyu alilipwa duniani chini ya alichostahili, na kosa lilikuwa la wale walioipima kazi kwa rangi ya mtendaji.

Ndugu zetu, tunajifunza nini? Kwa mwenye kutafuta kazi: cheti hufungua mlango, lakini tabia ndiyo inayomweka mtu ndani. Bi Khadija (R.A.) alimkabidhi Mtume wetu biashara yake kabla ya utume kwa sababu ya uaminifu aliokuwa akijulikana nao. Kwa aliye kazini: ukiona ngazi ya ofisi imekwisha, usiiache na akili yako ikome hapo. Dai haki yako kwa njia ya heshima, fanya kazi ya leo vizuri, na jifunze jambo moja ambalo hakuna wa kukunyang'anya.

Kwa wenye kuajiri tuna neno zito zaidi. Dari lile la rangi liliondoka, lakini wapo wanaojenga jingine la udugu, kabila, rushwa au dini. Mtu anayempa nafasi mwana wa shangazi yake akamwacha anayestahiki, ajue kwamba ajira ni amana na ataulizwa. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, anayechelewesha mishahara ya watu huku magari yake yakibadilishwa asijidanganye kwa wingi wa sadaka zake.

Nasi wazazi, mtoto akirudi nyumbani kwa sikukuu, tumuulize habari za mshahara kama tulivyozoea, kisha tumuulize pia kama wenzake wanamwamini, kama anawasaidia walio chini yake, na kama kuna jambo jipya analojifunza. Akiwa na majibu mema kwa hayo, basi amepanda, hata kama jina la cheo chake halijabadilika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Shaaban Robert na wote waliotumikia kwa uaminifu pasipo kulipwa haki yao, awape vijana wetu kazi za halali, na awatie hofu yake wale aliowapa mamlaka juu ya riziki za wengine. Amin.