Idi Amin, Askari Aliyekuwa Rais

Katika miaka ya 1920 alizaliwa katika nchi ya Uganda mtoto aliyeitwa Idi Amin. Baba yake alikuwa Mkakwa, na nchi ya Wakakwa iko upande wa kaskazini-magharibi, karibu na Kongo na Sudani Kusini. Idi alipata masomo machache sana, lakini alijaliwa mwili mkubwa na nguvu nyingi, hata watu walipomwona walimstaajabia.

Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles, na watu wa Afrika ya Mashariki waliliita Keya. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia mpishi jikoni. Baadaye akawa askari wa bunduki, akapelekwa Kenya kupigana na Mau Mau. Alikuwa hodari wa kutii amri, mchangamfu, mwenye kupenda michezo. Tangu mwaka 1951 hata mwaka 1960 alikuwa bingwa wa Uganda katika kupigana ngumi. Wakubwa wake wakampenda, wakampandisha cheo mara kwa mara. Mwaka 1959 akawa efendi, na mwaka 1961 akawa luteni. Wakati huo walikuwapo Waganda wawili tu waliopata cheo hicho, naye alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1962 askari waliokuwa chini ya amri yake walipelekwa mpakani mwa Kenya, katika nchi ya Waturukana, ili wazuie wizi wa ng'ombe. Huko wachungaji waliteswa, na wengine wakauawa. Shauri likafika mbele ya wakubwa. Lakini Uganda ilikuwa karibu kupata uhuru wake, na maofisa Waafrika walikuwa wachache mno, basi hawakutaka kumshtaki. Alionywa tu, kisha akaachwa. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ule haukuzibwa, na ukuta ulikuja kujengwa kwa damu ya watu wengi.

Uganda ikapata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na Milton Obote akawa Waziri Mkuu. Mwaka 1966 Obote aligombana na Mutesa, Kabaka wa Buganda, aliyekuwa pia Rais wa nchi. Obote hakuyapeleka magomvi hayo barazani, bali aliyapeleka kwa askari. Akamtuma Amin na jeshi lake, wakaishambulia nyumba ya Kabaka huko Mengo. Mutesa akakimbilia Uingereza, akafa huko mwaka 1969. Obote akawa Rais, na Amin akawa mkuu wa jeshi. Lakini mtu ajengaye enzi yake juu ya bunduki, humfundisha mwenye bunduki njia ya kumwondoa yeye mwenyewe. Tarehe 25 Januari 1971, Obote alipokuwa Singapore katika mkutano, Amin akatwaa serikali. Obote akakimbilia Tanzania.

Siku zile watu wengi wa Kampala walishangilia barabarani. Amin aliahidi kwamba watu wangechagua serikali yao wenyewe, kisha yeye angerudi katika kazi ya uaskari. Hakutimiza neno hilo. Bunge likafungwa, na watu wakaanza kutoweka. Mwaka 1972 Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa katika nyumba ya hukumu, wala hakuonekana tena. Mwaka huo huo Amin aliwaamuru Wahindi watoke nchini kwa muda wa siku 90. Maelfu mengi wakaacha maduka, mashamba na viwanda vyao, navyo wakapewa askari na rafiki zake. Wale hawakujua biashara. Kwa muda mfupi maduka yakawa matupu, hata sukari na sabuni zikawa adimu. Lakini Amin mwenyewe alizidi kujivika nishani kifuani, na mwaka 1976 akatangazwa kuwa Rais wa maisha.

Alikuwako Askofu Mkuu wa kanisa la Kianglikana, jina lake Janani Luwum, Mwacholi, mwana wa watu wa kijijini. Yeye hakuwa na bunduki hata moja. Alipoona jinsi watu walivyouawa, aliandika barua pamoja na maaskofu wenzake, wakamsihi Rais akomeshe uovu huo. Tarehe 16 Februari 1977 akauawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari, lakini hapakuwa na wengi walioamini.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania, yakaiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakaua watu na kuiba mifugo. Rais Julius Nyerere akawaita wananchi, na vijana wakaja kutoka pande zote za nchi. Wakawafukuza adui, kisha wakaingia Uganda pamoja na Waganda waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Amin akakimbilia Libya, baadaye akaenda Saudi Arabia. Hakurudi kwao tena. Alifariki katika mji wa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko huko ugenini.

Janani Luwum yeye alizikwa kijijini kwao, Mucwini. Kila mwaka, tarehe 16 Februari, kazi husimama katika Uganda yote, na watu huja kutoka mbali, wengine kwa miguu, kulizuru kaburi lake. Lakini siku ambayo Amin alitwaa serikali haiadhimishwi na mtu.