Lilienthal, aliyeruka bila helmeti

Mashabiki mnamkumbuka Petr Čech na helmeti yake, tangu fuvu lilipopasuka 2006. Mjerumani Otto Lilienthal yeye hakuwa nayo. Alizaliwa Anklam 1848, akasomea uhandisi, na kuanzia 1891 akaruka kwa mabawa yasiyo na injini kama mara 2,000. Kichwani kofia laini tu, au wazi kabisa. Agosti 9, 1896, mwezi uleule mizinga ya Waingereza ilipopiga kasri la Mji Mkongwe, upepo ukamgeuzia kibao. Akadondoka mita 15, shingo ikavunjika, akafa kesho yake. Helmeti hulinda fuvu, si shingo. Upepo wa Paje nao hunyanyua watu. Vijana wa tiara, chagueni helmeti nyepesi, ibane vizuri, isizibe masikio.