Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyeifanya Ng'ambo icheke

Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Si la utani wala si la jukwaani. Wazazi wake walimwita hivyo tu, Mtumwa binti Saad, kijijini Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, mnamo 1880 hivi. Babake alikuwa Mnyamwezi na mamake Mzigua, watu wenye asili ya bara ambao historia yao ilipitia utumwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897. Piga hesabu: msichana huyu alikuwa na miaka kama 17 sheria ilipotangaza kwamba hali aliyoitwa kwayo haipo tena. Jina likabaki naye.

Mamake alikuwa mfinyanzi, na Mtumwa akajifunza kazi hiyo akiwa mdogo. Vyungu vikishachomwa na kupoa, anajitwika kichwani na kushika njia ya mjini kwa miguu. Njiani anaimba ili wateja wajue anakuja. Kama umewahi kupita stejini Garsen basi la Lamu linaposimama, unajua biashara hii inavyoenda: wauza maembe ni wengi, dirisha ni moja, na anayesikika ndiye anayeuza. Sauti ya Mtumwa ilifika kabla yake. Wanawake walikuwa wametoka nje kumsubiri kabla hajatokeza kwenye kona.

Shule hakusoma. Enzi hizo msichana wa Fumba kama yeye nani angempeleka? Aliolewa, akapata binti aliyeitwa Kijakazi, kisha ndoa ikavunjika. Mwaka 1911, akiwa na miaka 30 na kitu, akahamia mjini. Nawaambia hivi vijana wenzangu wanaolia kwamba wamefikisha 25 na bado hawajatoboa: huyu dada alikuwa bado hajaanza.

Alifikia Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha mtaa wa makuti na Mji Mkongwe wa majumba ya mawe. Huko waliishi wachukuzi, wapishi, mafundi, na watu wengi waliotoka utumwani wakija kujitafutia maisha. Ndipo alipokutana na Muhsin Ali, mwanamuziki wa chama cha taarabu cha Nadi Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905. Muhsin alisikia ile sauti, akaona huyu anahitaji kunolewa tu. Akamfundisha kuimba na ala, akamfundisha kutamka Kiarabu sawasawa. Siti hakujua kusoma, kwa hivyo kila kitu aliweka kichwani.

Hapa lazima ujue taarabu ilikuwa nini wakati huo. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri kiasi cha kumtuma Mohamed Ibrahim hadi Cairo akajifunze kupiga kanuni. Muziki uliorudi ukawa wa kasri na wa waungwana, na uliimbwa kwa Kiarabu. Msee wa Ng'ambo angeweza kuusikia kwa mbali na kusema ni mzuri, lakini yanayosemwa humo hayakumhusu. Siti ndiye aliyeuvusha, akiwa na wenzake wakina Subeit Ambari, Budda Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk wa Mombasa. Akauimba kwa Kiswahili, kuhusu watu ambao wasikilizaji waliwajua kwa sura.

Jina Siti lilikuja wakati huu. Maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ndefu kuliko ile ya Fumba hadi mjini, na si kila mtu alifurahi kuiona. Wapinzani wakamtungia wimbo wa kumdisi. Wakamkumbusha kwamba aliingia mjini na kaniki, ile nguo nyeusi ya watumwa na maskini, na kwamba bila koo lake hana lolote. Sura yake pia haikuachwa. Leo tungesema alitrendi siku tatu mfululizo kwa matusi. Alijibu kwa wimbo wake mwenyewe, kwamba uzuri si sura, mtu hupimwa kwa akili na tabia. Hakutukana mtu. Jibu lake linakumbukwa mpaka leo pamoja na kejeli iliyolizaa, na waliomkejeli hakuna anayewataja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na nikirudi nyumbani Ndera swali la kwanza huwa ni cheti kiko wapi, kabla hata ya habari ya safari. Labda ndiyo maana hadithi hii ya kaniki hainitoki.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu Siti ambalo vitabu vya shule hulipita mbio. Usiku wa taarabu nyumbani kwake haukuwa nyimbo peke yake. Yeye na bendi yake walikuwa wakiingiza natiki, yaani vichekesho vya kuigiza. Neno lenyewe lina asili ya Kihindi. Mmoja anakuwa hakimu, mwingine mshtakiwa, mwingine mume anayejigamba halafu mkewe anamuumbua. Waliiga wakubwa wa serikali ya kikoloni, wakaiga mahakama, wakaiga matajiri na ugomvi wa majirani. Mengi yalitungwa papo hapo, kulingana na nani amefika na wiki hiyo mtaa ulikuwa unazungumzia nini.

Nilianza kuzifikiria natiki hizi baada ya kutazama filamu ya Mike Leigh ya mwaka 1999, Topsy-Turvy. Inaonyesha jinsi Waingereza wawili, Gilbert mwenye maneno na Sullivan mwenye muziki, walivyounda The Mikado, mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo na mazungumzo, uliofunguliwa London Machi 1885. Tuliitazama watu sita kwenye laptopu moja Garsen. Filamu ni ya saa mbili na dakika arobaini, na mechi ilikuwa inaanza saa nne. Wawili waliondoka Gilbert alipokuwa bado anabishana na mwenzake. Mmoja alilalamika kwamba kila mtu anaongea na hakuna anayepigwa. Lakini tulipofika kwenye mazoezi, pale Gilbert anapowarudisha waigizaji kwenye sentensi ileile mara kumi, kimya kikatanda. Na mwimbaji anapoambiwa wimbo wake umeondolewa, kisha wenzake wa kwaya wanapanda ngazi kwenda kuutetea, tukajikuta tunashangilia watu wa miaka zaidi ya mia iliyopita kama ni timu yetu.

Gilbert alikuwa na ujanja mmoja. Aliwacheka wakubwa wa Uingereza, lakini akawavisha kimono na kusema hawa ni Wajapani. London ikalipa kiingilio ikajicheka yenyewe, mchezo ukaonyeshwa mara 672 mfululizo. Alikuwa na jumba lenye taa za umeme, washonaji na mwenye mtaji. Usiku wa kwanza wa mchezo mwenyewe hakuweza kukaa ukumbini, alizurura huku na kule kwa wasiwasi akisubiri kujua kama watu wamecheka.

Siti hakuwa na pa kuzurura. Wasikilizaji walikuwa mikeka miwili kutoka miguuni pake. Kwenye taarabu mtu hakai kama yuko kanisani. Ubeti ukimgusa anainuka, anakwenda mbele na pesa mkononi kumtunza mwimbaji, na akipita karibu na fulani anamkata jicho ili fulani ajue ubeti huu ni wake. Wimbo unageuka kesi. Kichekesho kisipochekwa kinakufa palepale, na kesho yake hakirudiwi. Kwa hivyo mimi naona watunzi wa natiki walikuwa wale waliokaa mkekani vilevile kama waliosimama. Na kimono hakikuwepo. Kulikuwa na mafumbo, na wakati mwingine hata fumbo halikutumika, jina lilitajwa kama lilivyo.

Chukua wimbo wa Kijiti. Mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, alitoka na mwanamume aliyeitwa Kijiti kwenda kustarehe, na hakurudi hai. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara. Wanawake waliokuwa na mgeni huyo walikwenda mahakamani kueleza walichokiona. Pombe ilikuwa imenunuliwa usiku ule, na kisheria hilo lilikuwa kosa. Mwisho wa yote muuaji yuko huru ng'ambo ya maji, na wanawake waliosema ukweli ndio walioadhibiwa. Siti akaiimba kesi nzima: jina la mwanamume, hali ya marehemu, maneno ya hakimu. Mtaa haukuwa na rufaa nyingine. Wazee wa Unguja walikuwa bado wanaweza kuueleza wimbo huo, na kisa chenyewe, miongo mingi baadaye.

Kuna mwingine kuhusu karani aliyetumia kalamu yake kuwadhulumu wasiojua kusoma, kisha sheria ikamnasa. Fikiria mwanamke asiyejua herufi hata moja akimwimba msomi huyo mbele ya wanawake wengine wasiojua herufi, halafu fikiria kelele za chumba kile. Najua ukumbi mmoja au miwili wa vichekesho Nairobi ambao ungetoa chochote kupata kelele hizo.

Na watu walewale aliowaigiza walimwita pia. Aliimba kwenye kasri la sultani na kwenye majumba ya matajiri, kwa Kiarabu na hata Kihindi ilipobidi. Alilipwa vizuri, akarudi Ng'ambo. Kuna wanaosema hapo alikuwa anacheza pande mbili. Sikubaliani. Mfinyanzi huuza chungu kwa yeyote mwenye kuku wa kupika.

Machi 1928 kampuni ya His Master's Voice ikamsafirisha pamoja na bendi yake hadi Bombay kurekodi. Alikuwa na miaka karibu 48. Santuri za muziki wa Kiswahili zilikuwa kitu kipya kabisa, na hakuna aliyejua kama zitauzika. Ziliuzika kwa makumi ya maelfu. Kampuni nyingine zikakimbilia mlango wake, na ndani ya miaka michache nyimbo alizorekodi na wenzake zilipita 250. Gramafoni moja kwenye mkahawa ilitosha kukusanya mtaa mzima, kuanzia Mombasa hadi bara huko ndani. Watu walifunga safari kwenda Unguja kumwona mwenye sauti, na waliomwona walishangaa kidogo, maana sauti ilikuwa imewaahidi mtu mrefu zaidi.

Sisi watu wa Mto Tana tunapaswa kuielewa safari ya namna hii kuliko wengine. Wimbo wa taifa unaotusimamisha wima kila sherehe ulitokana na bembelezo la Kipokomo, sauti ya mama akimlaza mtoto, lililoletwa na Mzee Meza Morowa Galana mwaka 1963. Kabla ya hapo nani alikuwa akisimama wima kwa ajili ya mama huyo? Nikipata pesa za filamu (msicheke), nitaanza na ya Siti, na sehemu kubwa itakuwa mazoezi: Muhsin Ali akimsahihisha herufi moja ya Kiarabu mara kumi, naye akiirudia bila daftari.

Natiki hazikuingia kwenye santuri za dakika tatu kama nyimbo zilivyoingia. Huwezi kurekodi mtu anayeinuka mkekani kumkata jirani jicho. Tulichobakiwa nacho ni nyimbo, na kumbukumbu za waliokuwepo wakicheka.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliwahi kukutana naye kabla ya hapo, akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad, kitabu ambacho wengi wetu tulikiona kwenye rafu ya maktaba tukakipita. Waandishi wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti.

Mrithi wake wa kweli, kwa maoni yangu, alikuwa mtoto wa kike aliyekuwa akijibanza kumsikiliza akiimba, kwa kuwa mjomba wake alikuwa kwenye bendi. Mtoto huyo ni Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyeishi hadi Aprili 2013. Miongoni mwa nyimbo alizozibeba mpaka uzeeni, akaziimba Unguja na kwenye majukwaa ya Ulaya, ni ule wa Kijiti. Yule jamaa alivuka bahari kuikimbia mahakama. Jina lake lilikuwa bado linatajwa kwenye maikrofoni miaka themanini baadaye.