Marie Curie: radiumu ya Shinkolobwe na macho yaliyofifia

Mwaka 1932 Marie Curie alifika Warsaw, mji alikozaliwa 1867, kufungua taasisi ya kutibu kansa. Gramu ya radiumu ya kazi hiyo ililipwa kwa dola 50,000, mchango wa Wamarekani. Ilinunuliwa Ubelgiji, nayo Ubelgiji iliitoa katika mawe ya Shinkolobwe, hapa kwetu karibu na Likasi. Waliochimba ni Wakongomani. Majina yao hayakutajwa.

Mama huyo wa tuzo mbili za Nobel alikuwa ameshapasuliwa macho mara kadhaa. Mtoto wa jicho ulianza kumsumbua mwaka 1920, na inadhaniwa ni mionzi ya radiumu. Alificha ugonjwa: hospitalini alijiita Bibi Carré, na masomo yake aliyaandika kwa herufi kubwa mno. (Oksijeni nayo, inayookoa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, miaka ya 1950 ilithibitika kuwa ikizidi huwapofusha.)

Alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu. Daftari zake bado zinatoa mionzi. Shinkolobwe, serikali ilikataza kuchimba mwaka 2004.